Anga Haitaki Shahidi Mmoja

Mwaka 1929 mwanafalaki Mjerumani, Cuno Hoffmeister, aliorodhesha kitu kimoja angani kuwa ni nyota inayobadilikabadilika mwangaza. Kikaitwa BL Lacertae. Mwaka 1968 ilipobainika kwamba kitu hicho hicho hutoa mawimbi ya redio, wataalamu walianza kutambua kuwa si nyota katu, bali ni kiini cha galaksi ya mbali. Jicho lililotegemea nuru pekee lilikuwa limepotoka.

Galaksi za aina hiyo, ziitwazo blaza, zina shimo jeusi kubwa mno lenye mkondo wa chembe unaotuelekea karibu moja kwa moja. Mkondo huo huwaka ghafla, pengine kwa saa au siku chache tu, ukaacha alama katika redio, nuru, eksirei na miale ya gama. Asiyezilinganisha alama hizo kwa wakati mmoja atabaki akikisia tu.

Tarehe 22 Septemba 2017 mtambo wa IceCube, uliozikwa katika barafu ya Ncha ya Kusini, ulinasa nutrino moja. Taarifa ilienezwa ulimwenguni kabla ya dakika moja kwisha. Setilaiti ya Fermi ikaonyesha kwamba blaza TXS 0506+056, iliyo umbali wa miaka ya nuru karibu bilioni 4, ilikuwa ikiwaka kwa miale ya gama. Darubini za MAGIC, visiwani Canary, zikaiona pia. Hata Namibia ilishiriki msako huo kupitia darubini za HESS.

Je, Kenya ilikuwa wapi? Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa uchunguzi wa eksirei za angani ilirushwa kutoka pwani ya Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu. Tulitoa bahari na jina. Elimu ikachumwa na wengine. Setilaiti yetu wenyewe, Taifa-1, ilirushwa mwaka 2023 kutoka California.

Watasema wengine kwamba mwenye njaa hana haja na galaksi. Hoja hiyo ina uzito, ila hatudai mitambo ya mabilioni. Kufuatilia nuru ya blaza zing'aazo, hata darubini ndogo ya chuo kikuu yafaa. Tena tuko juu ya ikweta: blaza ile ya 2017 hupita karibu na utosi wetu. Kunapokucha kwa wengine, kwetu bado ni usiku; zamu hiyo yatungoja. Vyuo vyetu na Shirika la Anga za Juu la Kenya viishike. Kukipa chombo jina si kushika usukani wake.