Kusikiliza Bila Kuonekana

Wiki jana mjomba alinipigia simu. Alikuwa ndio kwanza ametoa gari lake bandarini Mombasa, gari lililotumika kutoka Japani kama mengi tunayoendesha humu nchini. Ukiliwasha tu, sauti ya mwanamke inakusalimu kwa Kijapani, na kwenye skrini kishale cha gari kinaelea mahali pasipo na barabara hata moja.

"Wewe si ulisomea kompyuta? Nasikia hii kitu huonyesha jam. Njoo unitengenezee."

Basi nilikwenda, nikanywa chai, kisha nikamvunja moyo. Kwanza nieleze kwa nini, halafu niseme kilichonikaa rohoni tangu siku hiyo.

Ndani ya gari lile mna kipokezi cha VICS, mfumo wa Japani wa kutangaza hali ya barabara ulioanza mwaka wa 1996. Polisi na wasimamizi wa barabara hupeleka habari katika kituo kimoja, kituo huzipanga, halafu hurushwa zikiwa zimepachikwa kwenye mawimbi ya redio ya FM. Dereva hazisikii. Kifaa ndicho huzisoma na kupaka rangi barabara zilizoziba. Mfumo huo una njia nyingine pia za kando ya barabara, lakini leo nazungumzia hiyo ya redio.

Kipokezi cha mjomba hakijaharibika. Kinasikiliza vizuri kabisa, ila hapa hakuna anayekirushia chochote. Hata fundi wa Luthuli akimwekea ile ekspanda ya kumpatia stesheni zetu za juu, atapata muziki na mahubiri, si msongamano.

Ulaya wana ndugu yake, RDS-TMC. Vifaa vya ramani vya Garmin na TomTom vya miaka ya 2000 vingeweza kutumiwa pamoja na kipokezi chake, wakati mwingine kikiwa kwenye waya wa kuchajia. Mimi kama mwandishi wa programu nauvulia kofia mfumo huu kwa ubahili wake. Ujumbe hauna sentensi hata moja, ni namba tupu: biti 11 za kusema kumetokea nini, biti 16 za kusema ni wapi, na biti chache za mwelekeo, urefu wa msongamano na muda. Majedwali ya kufasiri namba hizo yamo ndani ya kifaa, kwa hiyo ujumbe ule ule Mjerumani huusoma kwa Kijerumani na Mfaransa kwa Kifaransa. RDS nzima hubeba biti 1,187.5 kwa sekunde, na TMC hupewa sehemu tu ya hizo. Inatosha.

Lakini kilichonikaa rohoni si biti. Ni hiki: redio haijui ni nani anayeisikiliza. Kipokezi hakihitaji laini ya simu, hakili bando, hakifungui akaunti. Ukiwa unaelekea kazini, kanisani au kwa daktari, habari za barabara zinakufikia, na hakuna popote palipoandikwa kwamba ulipita.

Sasa linganisha na simu yako. Mwaka wa 2009 Google walieleza jinsi wanavyokadiria msongamano kwa kasi ya simu zilizomo ndani ya magari. Kwa mji kama Nairobi hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu halingoji serikali ichimbie vihisio chini ya lami. Simu zetu ndizo vihisio. Nami natumia ramani hizo karibu kila siku, sitaki kujifanya mtakatifu.

Ila bei yake ni kwamba huwezi kusikiliza bila kusema. Hata ukizima huduma ya mahali, simu lazima iulize seva: barabara ya kutoka hapa hadi pale ikoje? Swali lenyewe limeshakutaja.

Najua mtu atasema mfumo wa redio ulikuwa dhaifu. Ni kweli. Ulitangaza zaidi barabara kuu. Tena haukuwa na njia ya kuthibitisha nani amerusha ujumbe: mwaka wa 2007 Waitaliano wawili, Andrea Barisani na Daniele Bianco, walionyesha hadharani jinsi ya kukidanganya kifaa cha gari kwa habari za uongo. Lakini hata simu hudanganyika. Mwaka wa 2020 msanii Simon Weckert alivuta kigari chenye simu 99 katika barabara za Berlin, na ramani ikaonyesha msongamano pale alipopita yeye peke yake. Kwa hiyo udanganyifu hautoshi kuwa sababu ya kuitupa ile njia ya kwanza.

Maoni yangu ni haya: tulitupa kifaa, na pamoja nacho tukatupa wazo zuri bila kulipima.

Hebu tufanye hesabu. Gawa barabara kuu za Nairobi vipande 1,000. Kila kipande kipe biti 2: kijani, manjano, nyekundu, au haijulikani. Jumla ni biti 2,000, yaani baiti 250. SMS moja hubeba baiti 140. Kwa hiyo hali ya jiji zima, kuanzia Thika Road hadi Mombasa Road, inaingia ndani ya SMS mbili na nafasi inabaki! Simu inaweza kupakua yote kila baada ya dakika 5 na kuchagua njia yako humo humo ndani yake, bila kumwambia yeyote unakokwenda.

Je, nani atakusanya habari? Matatu na malori mengi tayari yamefungwa vifaa vya kufuatilia gari, na njia ya matatu si siri ya mtu. Wapo pia wananchi wanaojitolea: Ma3Route ilionyesha tangu mwaka wa 2012 kwamba Wakenya wako tayari kuripoti barabara wenyewe. Atakayekusanya na atoe matokeo yake wazi, jiji zima kwa mpigo, ili kijana yeyote mwenye tarakilishi aweze kuandika programu juu yake.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inampa mtu haki ya kujua data yake inatumiwaje na ya kupinga matumizi hayo. Ni haki nzuri. Lakini salama zaidi ni ile data ambayo haikukusanywa kabisa, na jambo hilo huamuliwa na sisi waandishi wa programu siku tunapochora mfumo, kabla hata wakili hajaitwa.

Mjomba aliposikia hayo yote alitikisa kichwa, akaniuliza swali moja tu: "Kwa hivyo simu yangu inajua nikienda kwa Mama Njeri kucheza karata?"

Nikamwambia ndiyo, mjomba. Inajua, na inajua ulitoka saa ngapi.

Akaiweka simu mezani, kifudifudi.