Kidonge cha kuzima protini moja tu

Leo hakuna msimbo wala hifadhidata. Wiki hii nimekesha nikisoma kuhusu dawa, na kwa kuwa nilisomea sayansi ya kompyuta wala si famasia, wataalamu mnivumilie. Tatizo nililolikuta huko nalijua vizuri: unataka kusimamisha programu moja kwenye seva bila kuangusha nyingine zinazofanana nayo.

Ndani ya damu yetu mna kikosi cha protini zaidi ya 30 kiitwacho komplimenti. Huelea zikiwa zimelala. Bakteria wakiingia, protini moja huikata nyingine na kuiamsha, hiyo nayo hukata ya tatu, mpaka bakteria anatobolewa matundu na kufa. Njia moja ya mfumo huu haisubiri kuambiwa adui ni nani. Hushambulia chochote kilicho karibu, na seli zetu husalimika tu kwa sababu zimevaa ngao. Kataa wote, ruhusu waliosajiliwa!

Sasa kuna ugonjwa adimu uitwao PNH. Seli mama katika uboho hupata hitilafu kwenye jeni la PIGA, na seli nyekundu zinazozaliwa hapo hukosa ngao mbili, CD55 na CD59. Komplimenti huzipasua. Mgonjwa huishiwa damu, huenda mkojo wa asubuhi ukawa mweusi, na damu huganda mahali isipotakiwa, jambo ambalo huua.

Mwaka 2007 Marekani iliidhinisha eculizumab, kingamwili inayozuia protini ya C5 na ambayo mgonjwa hutiwa mshipani kila wiki mbili. Bei yake ilipita dola 400,000 kwa mwaka. Iliokoa maisha, hilo sibishi. Lakini C5 iko karibu na mwisho wa mlolongo. Huko juu C3 huendelea kujibandika kwenye seli nyekundu, na ini na wengu huziona zimetiwa alama na kuzila. Kwa hiyo baadhi ya wagonjwa walibaki na upungufu wa damu.

Suluhisho ni kupanda juu zaidi, kwenye faktori B na faktori D, na ikiwezekana kwa molekuli ndogo inayoweza kumezwa. (Kingamwili ukiimeza, tumbo litaimeng'enya kama nyama.) Hapo ndipo penye kazi. Faktori hizi mbili ni mikasi, na ukoo wa mikasi hiyo ni mkubwa: thrombini inayogandisha damu imo, tripsini inayosaga chakula imo. Wote hukata kwa amino asidi tatu zile zile: serini, histidini na aspartati. Japani wana dawa ya zamani, nafamostat, inayozuia komplimenti na pia thrombini, tripsini na wengineo. Ndiyo maana huitumia kuzuia damu isigande kwenye mashine za kusafisha figo. Huwezi kumpa mtu dawa ya namna hiyo kila siku maisha yake yote.

Nilipakua umbo la thrombini na la faktori D kutoka Protein Data Bank, hazina iliyoanzishwa 1971 na iliyo wazi kwa yeyote, kisha nikayalaza moja juu ya jingine kwenye tarakilishi yangu. Kwa mbali ni mapacha. Ukisogea, unaona kwamba faktori D ikiwa imepumzika, sehemu yake ya kukatia imepinda, na hunyooka inapokutana na faktori B iliyoshikana na kipande cha C3. Upekee kama huo ndio mtengenezaji wa dawa anautafuta. Danicopan, inayozuia faktori D, iliidhinishwa Marekani 2024, itumiwe pamoja na kingamwili. Iptacopan ya Novartis, inayozuia faktori B, ilitangulia Desemba 2023 na hutumika peke yake, mara mbili kwa siku. Katika jaribio la watu waliokuwa bado na upungufu wa damu licha ya kingamwili, 51 kati ya 60 waliomeza iptacopan walipanda himoglobini kwa gramu 2 au zaidi kwa desilita bila kuongezewa damu. Kati ya 35 waliobaki kwenye kingamwili, hakuna hata mmoja.

Kidonge, basi, kimekuwa rahisi? La hasha. Kilipotoka Marekani kilitajwa kwa zaidi ya dola 500,000 kwa mwaka. Hata hivyo mimi naona molekuli ndogo ndiyo ya kuiwekea matumaini. Kingamwili hutengenezwa na seli hai ndani ya matangi, na nakala za eculizumab ziliidhinishwa Ulaya 2023 tu, miaka 16 baadaye. Molekuli ndogo hupikwa kwa kemia. Wakenya tunajua maana yake: dawa za Ukimwi zilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka, Cipla ya India ikaja 2001 na bei ya dola 350 kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, na mwaka huo huo Bunge letu likapitisha sheria iliyofungua mlango wa kuagiza nakala. Hataza za iptacopan nazo zitafika mwisho.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Hata kidonge kisichomgusa jirani yeyote bado kinazima sehemu ya kinga, na wanaofaidika zaidi ni bakteria wa homa ya uti wa mgongo na wa nimonia. Kwa hiyo mgonjwa huchanjwa angalau wiki mbili kabla ya kuanza. Watoto wetu wamechanjwa dhidi ya nimokoko tangu 2011, sawa, lakini mgonjwa wa PNH mara nyingi ni mtu mzima. Ukanda wa homa ya uti wa mgongo unaanzia Senegal mpaka Ethiopia, jirani yetu. Chanjo mpya ya ukanda huo, iliyopitishwa na WHO 2023, inakinga makundi A, C, W, Y na X. Kundi B halimo, na mtumiaji wa iptacopan anahitaji kukingwa dhidi ya B pia. Ningekuwa na sauti Wizara ya Afya, ningeulizia bei ya chanjo hiyo ya B kabla ya kuulizia bei ya kidonge.