Ndege wa Meatu na wajulikane Meatu

Wazungu walianza kuichunguza Afrika Mashariki kutoka pwani. Kati ya 1822 na 1826 Nahodha William Owen wa Uingereza, akiwa na meli ya Leven, alipima ufuko wa Afrika Mashariki huku homa ikiwamaliza mabaharia wake. Ramani zilipokuwa tayari, wakusanyaji wa ndege, wadudu na mimea wakapanda bara.

Mmoja wao ni Gustav Fischer, daktari Mjerumani aliyekaa Unguja. Mwaka 1885 alitoka Pangani na msafara wa wapagazi, akafika kusini mwa Ziwa Viktoria, akakusanya ndege. Alifariki Berlin mwaka 1886. Mwaka uliofuata Anton Reichenow wa makumbusho ya Berlin alimtangaza kwa wanasayansi kasuku mdogo wa kijani, mwenye uso wa rangi ya chungwa na mdomo mwekundu, akampa jina la Fischer. Mwaka huohuo alitangaza pia kwale mmoja na mnana mmoja wa ukanda wetu. Makazi ya asili ya ndege hao watatu karibu yote yamo kaskazini mwa Tanzania, na wilaya yetu ya Meatu imo humo. Wapagazi waliobeba mizigo hiyo hawakuachiwa hata jina moja la ndege.

Watanzania tumebishana sana, hata bungeni, kuhusu mifupa ya mjusi mkubwa wa Tendaguru, Lindi, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin. Mjadala huo ni wa haki. Lakini mjusi alikufa zamani. Kasuku wa Fischer yu hai, na anahitaji watu wanaomjua. Miaka ya 1980 alinaswa kwa maelfu na kuuzwa nje ya nchi, akapungua sana. Hutaga kwenye matundu ya miti, hivyo kila mti mkongwe unaokatwa kwa mkaa unamnyima nyumba.

Tunataka jambo dogo, tena la gharama ndogo. Makumbusho ya Taifa na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori ziombe makumbusho ya Berlin picha za ndege waliochukuliwa ukanda huu, pamoja na maandishi ya lebo zao: wapi, lini, nani. Yatafsiriwe kwa Kiswahili, yapelekwe shule za Mwanhuzi na vijiji vya Hifadhi ya Jamii ya Makao. Wazee Wasukuma na Wahadzabe waulizwe majina yao ya ndege hao, yaandikwe kando ya jina la Fischer.

Halmashauri ya Meatu isisubiri Dodoma. Iandike yenyewe barua ya kwanza ya maombi hayo.