Cheo ni Dhamana, Hakinunuliwi

Kila mwaka vijana wetu wanapomaliza masomo, husikika usemi huu nyumbani: "Kazi ya serikali haipatikani bila kumjua mtu." Mzazi huuza ng'ombe, fedha hupita mikononi mwa wajumbe wa gizani, na kijana hujifunza, kabla hata hajaajiriwa, kwamba ofisi ya umma ni duka. Tutashangaaje basi akidai hongo kesho ili arudishe gharama?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema vingine. Ibara ya 73 yampa afisa wa serikali wajibu wa kuwatumikia watu, wala si uwezo wa kuwatawala. Ibara ya 232 yataka ajira itolewe kwa ushindani wa haki na kwa ustahili, na wanawake, wanaume, makabila yote na watu wenye ulemavu wapate nafasi sawa.

Tena milango si ya Nairobi pekee. Kaunti zote 47 huajiri wauguzi, wahasibu, mafundi wa maji na maafisa wa kilimo.

Viongozi wa walei, yasomeni matangazo ya kazi hadharani, ili asiachwe mtu gizani. Wafundisheni vijana kuandika barua za maombi. Anayeombwa hongo asaidiwe kuripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.

Nasi wazazi, ng'ombe wabaki zizini. Heri kijana akawie kuajiriwa kuliko kuingia kazini akiwa mtumwa wa deni.