Mtambo wa CERN: Kikulacho ki nguoni mwako

SHIRIKA la Utafiti wa Nyuklia la Ulaya, CERN, linauongezea uwezo mtambo wake mkubwa wa kuharakisha chembe, LHC, ili hatua mpya ianze mwaka 2030. Mafanikio ya mpango huo yatategemea sana jinsi mtambo utakavyolindwa dhidi ya mionzi unayoizalisha wenyewe.

Mtambo huo umo ndani ya handaki la kilomita 27 chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, na protoni huuzunguka zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde. Baadhi hupotoka na kugonga vyuma, nyingine hugongana zenyewe, na mionzi huzagaa.

Sumaku 1,232 zinazopinda njia ya protoni hupozwa hadi nyuzi 271 za Selsiasi chini ya sifuri ili zipitishe umeme bila ukinzani. Joto dogo tu la chembe zilizopotoka laweza kuziondolea sifa hiyo na kuusimamisha mtambo wote.

Ndiyo maana taya za kaboni na tungsteni zimewekwa milimita chache kutoka kwenye mkondo wa protoni, zinase chembe hizo mapema. Vipimo zaidi ya 3,500 hufuatilia mionzi. Kikomo kikivukwa, protoni zote hutolewa nje na kuzimwa ndani ya bonge la kaboni, kwa muda usiofikia sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Hata hivyo, pigo lilitokea upande usiotarajiwa. Mwaka 2007, mradi wa CERN wa kupeleka nyutrino katika maabara ya Gran Sasso, Italia, ulikwama baada ya mionzi kuathiri vifaa vya kielektroniki vilivyoongoza mitambo ya hewa.

LHC nayo haikusalimika. Mwaka 2011 na 2012 ilisimama mara kwa mara kwa sababu hiyo hiyo, kwani chembe moja tu yatosha kugeuza taarifa iliyo ndani ya chipu, sifuri ikawa moja. Katika ukarabati wa mwaka 2013 na 2014, vifaa vingi vilihamishwa na kinga zikaongezwa.

Funzo ni kwamba mtambo uliogharimu mabilioni waweza kuzimwa na kifaa cha bei ndogo kilichowekwa mahali pasipofaa. Kila saa ya kusimama ni saa ya utafiti iliyopotea, nayo hulipiwa na walipa kodi wa nchi wanachama.

Safari hii kinga imetangulizwa. Ngao za tungsteni zitawekwa ndani ya sumaku zilizo karibu na sehemu za migongano, na vifaa vya kusambaza umeme vitahamishiwa kwenye mahandaki mapya.

Lengo ni kukusanya data mara 10 ya ilivyokusudiwa mtambo ulipobuniwa. Migongano ikiongezeka, mionzi nayo itaongezeka. Hivyo ugunduzi ujao utategemea kuta na ngao kama unavyotegemea kasi ya protoni.