Bao la Mombasa Liandikwe

Bao la Kiswahili ni mchezo wa watu wawili, vitundu 32 na kete 64, lakini katika baraza za Mji wa Kale wa Mombasa watazamaji nao wamo mchezoni. Mchezaji hajanyanyua mkono, wao wamekwisha kupiga hesabu kete ya mwisho itaangukia wapi. Akikosea huambiwa pale pale, na ubishi huendelea hata ubao ukisharudishwa ndani. Kinachobishaniwa zaidi ni nyumba, yaani kitundu cha akiba. Kete ya mwisho ya mla ikimwangukia nyumbani, huchagua alale aihifadhi akiba yake, au asafiri nayo kwa kuisambaza. Upande mmoja hushikilia kwamba anayesafiri mapema amejivua silaha. Wa pili, kwamba nyumba iliyonona ni chambo kwa adui. Wote wana hoja nzito, na hakuna awezaye kuzithibitisha, kwa sababu mchezo wenyewe umekwisha kufutika.

Ndiyo maana toleo hili la jarida limeutanguliza mjadala wa kuandika mabao. Wanaopinga husema kwamba bao ni la kichwa na kalamu italipunguza kasi. Hoja hiyo haisimami. Anayeandika ni mtazamaji, si mchezaji, na kazi yenyewe ni nyepesi: zatosha alama za kitundu, upande wa kutembea, na kama nyumba imesafiri. Yaliyobaki huamuliwa na sheria. Mtaji, yaani zamu ya kula, uliozunguka ubao mara nne hauhitaji wino zaidi ya ule uliolala upesi.

Wapenzi wa sataranji walitatua jambo hili zamani kwa kuandika kila hatua. Tarehe 12 Desemba 2024, huko Singapore, Ding Liren alisogeza ngome yake hadi f2 katika hatua ya 55 ya mchezo wa 14 wa kuwania ubingwa wa dunia, na mpinzani wake Gukesh, kijana wa miaka 18, akautwaa. Mtoto wa Kibokoni anaweza leo kuipanga hali ile ubaoni na kuonyesha kosa lilipo. Hawezi kufanya hivyo kwa mchezo wa bao uliochezwa mtaani kwake juma lililopita.

Mombasa inajua thamani ya kunakili. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, alitunga shairi kuhusu bao. Limetufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua alizikusanya tungo zake, mmishonari William Taylor akazinakili, na mhariri Hichens akachapisha diwani mwaka 1940. Mabao yaliyochezwa zama za Muyaka hayakupata Sikujua wao.

Makala ndefu zaidi humu inaufuata utafiti wa Alex de Voogt, aliyechunguza umahiri wa mafundi wa Zanzibar na kuchapisha matokeo mwaka 1995. Inastahili kusomwa mara mbili, hasa na wanaodhani kwamba bao haliwezi kuchambuliwa kitaalamu. Ipo pia makala kuhusu uchongaji wa mbao za kuchezea, na nyingine fupi kuhusu dama.

Kila baraza ina kijana asiyecheza vizuri bado lakini ana jicho kali. Wazee wampe daftari, na michezo atakayoiandika iletwe kwa jarida hili. Itachapishwa hatua kwa hatua, pamoja na ubishi wake.