Kisumu Ina Wageni, Ila Boti Hazina Ratiba

Leo tuweke kando lugha za programu, tuzungumzie ziwa letu. Lakini msiondoke, kompyuta zitaingia tu.

Kila siku tunaambiwa Kisumu inakua. Ni kweli. Uwanja wa ndege ulifanywa wa kimataifa mwaka 2012. Mwishoni mwa 2021 treni ya abiria kutoka Nairobi ilirudi. Mei 2022 tukapokea mkutano wa Africities, wajumbe wakajaa mji mzima. Hoteli zikafurahi. Swali langu ni hili: mkutano ukiisha, mgeni huenda wapi?

Nawapa kisa. Mwaka jana mgeni mmoja, aliyekuja kwa kikao cha siku mbili, aliniuliza: "Kesho sina kazi. Naweza kufika Mfangano nione michoro ya kale ya miambani, nirudi jioni?" Mimi, fundi wa programu mwenye digrii yangu, nikatafuta kwenye intaneti saa nzima. Nikapata picha nzuri za machweo. Saa ya boti sikuipata, wala nauli. Mwishowe nikampigia rafiki aliye Mbita, naye akauliza gatini. Jibu: "Boti huondoka ikijaa." Mgeni akapanda ndege ya asubuhi kurudi Nairobi. Nahodha, mama wa samaki na kijana wa kuongoza wageni, wote wakakosa.

Sasa nikiri kosa langu. Nilikuwa nimewahi kuunda programu ya kukodi boti, yenye kalenda, malipo ya kadi na rangi za kupendeza. Nikampelekea mzee mmoja mwenye boti pale Dunga. Akaitazama kwa heshima, kisha akasema: "Kijana wangu, kalenda yangu ni upepo." Alikuwa na simu ya kabambe na M-Pesa, basi. Nilikuwa nimemtengenezea mtalii, nikamsahau mwenye boti.

Mtasema: kama boti hazina ratiba, utaandika nini? Hata matatu za Nairobi hazikuwa na ratiba. Lakini wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa MIT na Columbia, walipanda matatu wakiwa na simu, wakarekodi njia na vituo. Mradi ukaitwa Digital Matatus. Ramani ikatoka mwaka 2014, data ikawekwa wazi kwa yeyote, na 2015 njia hizo zikaonekana kwenye Google Maps. Hawakumlazimisha dereva yeyote kubadili kazi yake. Waliandika kile ambacho makondakta walikijua tayari.

Nasi tufanye hivyo hivyo ziwani. Njia za Mbita, Mfangano, Takawiri na Luanda Kotieno zinajulikana na kila mchuuzi wa omena. Kamati za usimamizi wa fuo zipo. Tuandike gati, nauli ya kawaida, boti ya kwanza huondoka saa ngapi hivi, ya mwisho je, na kama kuna jaketi za kuokolea. Tuziweke wazi, zisomeke hata kwa ujumbe mfupi wa simu. Mama anayepeleka mtoto hospitalini Mbita atafaidika kabla ya mtalii, na hiyo ndiyo sababu data hiyo itadumu: ina mwenyewe wa kila siku.

Tusipoandika sisi, ataandika mwingine, aifungie ndani ya tovuti yake, kisha amkate nahodha wetu kamisheni kwa kila abiria. Hapo tutalalamika, na tutakuwa tumechelewa.

Mimi programu yangu ya rangi nimeshaifuta. Jumamosi hii naenda Mbita na daftari. Mwenye nafasi tufuatane, ila nauli kila mtu ajilipie!